Imondo ya Tausi

Carol aliponipigia simu kuniambia kwamba Renzo amekufa, hakulia, na mimi sikulia, na jambo la pili alilosema lilikuwa kuniuliza kama bado napika kuku kwa namna ile. Nilikuwa ndani ya gari nje ya shule ya wanangu huku Eagan, theluji ya mwisho imegeuka matope meusi kando ya barabara, nikajikuta nimeshusha kioo cha dirisha kana kwamba kuna kitu kinanuka. Harufu yenyewe niliijua. Ilikuwa ya pomedi ya nywele na manukato ya ghali, na mkojo chini yake. Miaka imepita tangu nitoke katika nyumba ile ya Roseville. Nimesomea uuguzi, nimeolewa, nimefika umri wa kupaka nywele rangi mimi mwenyewe, na bado jina la yule mzee likitajwa pua yangu ndiyo hukumbuka kwanza. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Basi wanisamehe, maana huyu nilimsema vibaya akiwa hai, na sioni kwa nini kufa kumpandishe cheo.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mwaka wangu wa kwanza mzima katika baridi ya Minnesota. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti changu cha kuhudumia wagonjwa majumbani bado kipya, nikipanga nyumba moja na Mercy, msichana Mkenya mwenzangu, wa Nyahururu, aliyenitangulia Amerika na kwa sababu hiyo akajipa cheo cha mama mkwe wangu. Ejensi ilinituma Roseville, si mbali na jumba moja kubwa la maduka, nikaambiwa mteja ni mzee Mwitaliano aliyepata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, akili timamu, mzee mchangamfu. Neno hilo nimejifunza kuliogopa. Mkewe Carol alinipokea akiwa amevaa koti tayari kwenda kazini, akaniuliza kama napenda mpira. Nikamwambia kwetu Maragoli hata kuku wanajua ofsaidi. Alicheka, akanishusha ngazi za kwenda chumba cha chini ya nyumba.

Juu palikuwa pa Carol: sofa ya kijivu, Biblia, picha za wajukuu wa ndoa yake ya kwanza. Chini palikuwa hekalu. Renzo alikuwa amekataa kulala juu, kitanda chake cha hospitali kikawekwa katikati ya picha zake, na ngazini kukafungwa kiti cha umeme cha kumpandisha na kumshusha, naye kila akikipanda aliinua mkono mzima na kupungia ukuta kama rais kwenye gari la wazi. Picha zilijaa kutoka sakafuni hadi darini. Renzo mwenye nywele hadi mabegani. Renzo mwenye viatu vyeupe wakati wachezaji wote duniani walivaa vyeusi. Renzo juu ya farasi akienda mazoezini. Renzo kifua wazi kando ya bwawa la kuogelea, amemkumbatia mwanamke ambaye kichwa chake kimekatwa kwa mkasi, yamebaki mabega na kamba za nguo. Kwenye kabati la kioo lilining'inia koti la ngozi ya chui lililoliwa na nondo, na pembeni ya medali yake, kwenye rafu hiyo hiyo, palikuwa na glasi ya maji ya kuwekea meno yake ya bandia. Shingoni alifunga kitambaa cha hariri kila siku, cha zambarau au cha manjano, na kitambaa hicho hicho ndicho alichotemea kohozi. Mimi ndiye niliyekifua.

Sina kinyaa na miili ya wagonjwa. Nieleweke hapo. Nimesafisha watu wengi wa kila namna, na mwili uliochoka ni mwili tu, leo wako kesho wangu. Kilichonitibua tumbo kwa Renzo ni kwamba hata akiwa amejikojolea alitaka asifiwe. Nilikuwa nikimwogesha huku ameelekeza uso kwenye kioo, ananiuliza kama nimewahi kuona mapaja kama yale. Nilimpaka nywele rangi nyeusi kama kiwi ya viatu, ikamchuruzika hadi kwenye masikio, akataka na nyusi. Hakuwahi kuniita Kageha. Aliniita bella, yaani mrembo kwa Kitaliano, kama alivyomwita mpiga-chanjo na mwanamke wa kuleta vifurushi, na mkono wake mzima ulikuwa na tabia ya kupotea njia nikiinama kumfunga viatu, mpaka siku nilipouchukua nikauweka juu ya paja lake mwenyewe na kumwambia ukipotea tena nitamwacha kwenye beseni maji yapoe. Carol nilipomweleza aliguna tu. "Ndivyo Renzo alivyo," alisema, na kwa namna alivyolisema nilijua amelisema maisha yake yote ya ndoa.

Maisha yake nilisimuliwa kijiko kwa kijiko. Kula kwake kulikuwa kwa saa nzima, kwa sababu hakukubali kutafuna bila kuhadithia wala kuhadithia bila kutafuna, na mimi nilikaa mbele na kitambaa, mchuzi wa nyanya ukinirukia. Alizaliwa nyuma ya bucha katika mji wa tambarare ambapo ukungu haukatiki. Alianza kucheza kwenye uwanja wa parokia, akamla chenga padre, padre akaanguka na kuvunjika mkono, na hadithi hiyo aliipenda sana, hasa mahali pa mkono. Klabu kubwa ya mjini ikamnunua akiwa kijana, akawekwa winga ya kulia, na magazeti yakamwita Pavone, yaani tausi. Alivaa soksi zilizoshuka hadi vifundoni, aliwabusu mashabiki wa kike kabla ya kupiga kona, na mara moja mechi ikiendelea alimwomba mpiga picha kitana. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu. Aliingia kipindi cha pili, beki akampita, yeye akabaki amesimama mkono kiunoni, goli likafungwa, hakuitwa tena. Kocha alikuwa na wivu, alisema. Makocha wote wa Renzo walikuwa na wivu. Baada ya hapo ni magari, vilabu vya usiku, goti, kufungiwa kwa kumtukana refa, na mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati Waamerika walipokuwa wananunua nyota wazee wa Ulaya, akaja Minnesota kucheza msimu mmoja. Hapo aliruka. Kila mara, baada ya msimu mmoja, aliruka moja kwa moja hadi kwenye mgahawa aliofungua ukafa na mke wa pili aliyemkimbia, kama mtu anayevuka shimo analolijua liko wapi.

Nilikua nikitazama mpira kila Jumamosi, na kwetu winga ana kazi yake. Apeleke mpira mbele, atoe krosi, kuna mtu anasubiri katikati. Winga asiyetoa krosi hata akipiga chenga kumi ni mwizi wa muda wa watu. Nililijua hilo kabla ya kumjua Renzo, ila sikujua kwamba mtu anaweza kuishi hivyo hadi uzeeni, nje ya uwanja, mezani, kitandani, na akapata watu wa kumpigia makofi.

Alikuwa na video moja, na baada ya kuoga ilikuwa lazima iwekwe. Ni mechi ya hapa hapa, jua kali, watu wengi mno, picha inacheza cheza. Renzo anapokea mpira pembeni, anampita wa kwanza, anamngoja arudi, anampita tena. Anamlaza wa pili. Kisha, na hapa ndipo aliponishika mkono kila siku, anasimama na kuukalia mpira. Anaukalia makalio kabisa, anajitengeneza nywele, uwanja unapiga kelele, anainuka, anampita wa tatu na kupiga shuti kutoka pembeni kabisa mahali ambapo hakuna mwenye akili angepiga. Mpira unagonga mwamba na kutoka. Ndiyo mwisho wa video. Mechi walifungwa, na haikumsumbua hata chembe. Lakini katikati ya kiboksi mbele ya goli, ukiacha kumtazama Renzo, kuna straika mmoja mrefu amesimama peke yake, hakuna beki aliye karibu naye, mkono juu, ameuinua tangu chenga ya kwanza. Mpira ukigonga mwamba anaushusha mkono polepole. Baada ya siku chache nilikuwa simtazami mwingine.

Yule straika alikuwa Dale. Nilimtambua kwa urefu alipokuja, maana alikuwa akiendesha gari kutoka Anoka kila Jumatano, na boksi la donati mapajani, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda. Mzee mpole wa shambani, masikio makubwa, maneno machache. Renzo alimwekea video ile ile. Dale aliitazama yote, mkono wake mwenyewe ukiinuka pale kwenye kioo cha runinga na kushuka, akasema, "Siku nzuri ile, Renzo," akaondoka. Siku moja nilipomsindikiza hadi mlangoni nilimuuliza kwa nini anakuja. Alifikiri wakati akivaa glavu. "Watu wa timu ile wote wamekufa au wamehamia kwenye joto," alisema. "Na Carol anahitaji mtu wa kumsikiliza Renzo badala yake, japo siku moja." Ilinichefua pia, kusema kweli, wema wa namna hiyo, wa kumlisha mtu anachokitaka mpaka anaoza.

Mercy hakuelewa kwa nini siondoki. Tulikuwa jikoni kwetu Eagan, yeye anakata sukuma, mimi nimeweka miguu kwenye maji moto.

"Aki Kageha, si upigie ejensi wakupee client mwingine? Wangu anashinda akilala tu, na ako na heshima."

"Wako ni mzee wa kawaida. Wangu ni staa."

"Staa gani? Nimemsearch kwa simu. Anatokea kidogo tu, na nywele."

"Nywele ndiyo career yenyewe."

"Basi mwache na nywele zake. Wewe hiyo nyumba inakukasirisha mpaka unaosha vyombo ukiwa umefura."

Nilimwambia nitaondoka mwezi ujao. Nilisema hivyo miezi mingi. Kusema kweli kuna raha chafu katika kumdharau mtu kila siku na kulipwa, na mimi nilikuwa nimeizoea.

Jumapili Carol alikwenda kanisani na mimi ndiye niliyepika. Alikuwa akinunua kuku mzima, na ndani ya tumbo la kuku wa huku kuna kifuko cha karatasi kilichofungiwa ini, shingo na firigisi, ambacho Carol alikuwa akikitupa bila kukifungua. Mara ya kwanza nilipokiona nilishtuka kama nimeona mtu anatupa pochi. Nikapika kuku wangu wa mchuzi, nikasonga ugali wa unga wa mahindi niliokuja nao kutoka kwangu, na bila kufikiri, mkono ukifuata ulivyofunzwa, nikachukua ile firigisi, ambayo sisi tunaiita imondo, nikaiweka kwenye sahani ya mwanamume wa nyumba. Ndilo kosa langu la Kimaragoli. Mwanamke wa kwetu anaweza kumchukia mwenye nyumba kuanzia nywele hadi kucha, lakini imondo ataiweka kwenye sahani yake, kwa sababu ikikosekana hapo nyumba haijulikani ni ya nani. Renzo aliigeuza kwa uma, akauliza ni nini, nikamweleza. Nilimweleza yote: kwamba ni ya mwenye boma, kwamba mke hali, watoto hawali, kwamba ndoa zimevunjika kwa ajili ya kinyama hicho kidogo, na kwamba akija mgeni ambaye mwenye nyumba anataka kumheshimu kuliko nafsi yake, humkabidhi yeye. Sehemu hiyo ya mwisho hakuisikia. Alikuwa ameshatia imondo mdomoni, anatafuna na macho yamefumbwa, ameupata mwishowe mchezo wa kigeni uliotungwa kwa ajili yake. Tangu siku hiyo kila Jumapili aliidai kabla hajakaa vizuri, akamweleza Dale, akamweleza mwanamke wa vifurushi, na Carol alipojaribu kuonja kipande alimpiga kwa kijiko kwenye vidole.

Majira ya kuchipua yalipoanza ndipo Silvia alipopiga simu. Niliyasikia mazungumzo kwa sababu Carol alikuwa anakunja nguo na simu ameiweka mezani ikisema kwa sauti. Mwanamke wa Kiingereza cha taratibu, mwenye kujipima, alisema yeye ni binti ya Renzo, kwamba mama yake Ornella amefariki, na kwamba angependa kuja kwa wiki moja. Carol aliacha kukunja. Alijua kuna mke wa kwanza. Hakujua kuna mtoto. Tulitazamana juu ya lile rundo la fulana, na mimi nikaijua ile hatua ambayo Renzo alikuwa akiiruka, na nikajua mabega yaliyobaki kwenye picha ya bwawa ni ya nani. Renzo alikuwa amemwacha akiwa na miaka mitano, Silvia alisema, na kumwambia ni msimu mmoja.

Renzo alipoambiwa alitaka kioo. Kisha akataka nywele zipakwe rangi upya.

Silvia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwalimu wa shule ya msingi, amevaa sweta nene lisilo na mbwembwe yoyote. Alikuwa na pua ya Renzo na hakuna kingine chake. Alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kuniuliza jina langu na kulirudia mpaka likamkaa mdomoni. Siku ya pili alisimama nami kwenye sinki akikausha vyombo, akaniambia pasipo kuulizwa, kwa sababu nadhani hakukuwa na mwingine wa kumwambia: "Sikuja kumgombeza. Mama alimgombeza ya kutosha, na yeye hakuwepo. Nataka aniambie kwa kinywa chake kwamba aliniacha. Aseme hivyo tu, halafu nirudi nyumbani." Niliendelea kusugua sufuria. Nilitaka kumwambia anaomba krosi kutoka kwa mtu gani, lakini si kazi ya mhudumu kumvunja mtu moyo siku ya pili.

Wiki nzima alikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha Dale. Renzo alimwonyesha koti la chui. Alimsimulia padre, farasi, kitana, kocha mwenye wivu, na Silvia alivijua vyote, kwa kuwa Ornella alikuwa ametunza magazeti yote ndani ya sanduku chini ya kitanda na mtoto alijifunza kusoma kwa hayo. Aliitikia kwa adabu kama anayesikia mara ya kwanza. Siku ya nne aliuliza, kwa Kiingereza ili sote tuelewe, "Na msimu ulipokwisha, baba?" Renzo akasema, "Goti," akaniamuru niweke video. Silvia aliitazama hadi mwamba ukalia. Kisha akauliza yule mrefu wa katikati ni nani, aliyenyoosha mkono. "Hakuna," alisema Renzo. "Mmoja wa hapa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nimeshika taulo, nikalikunja na kulikunjua.

Jumapili ilikuwa siku yake ya mwisho. Carol hakwenda kanisani. Dale alialikwa, akaja na tai. Nilipika kuku, na nitasema nilipika kwa nia, kwa kuwa niliona mahali pekee ambapo mzee yule angeweza kutoa kitu bila kutamka neno ambalo kinywa chake hakikuwa nalo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijisemea nikikaanga vitunguu. Renzo alipanda kwa kile kiti chake akipunga mkono, kitambaa cha manjano shingoni, rangi ikimng'aa kichwani. Nikapakua. Nikaweka imondo kwenye sahani yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza Silvia mila, kwa maringo, kidole juu, akiongeza chumvi zake: eti mfalme wa kabila letu ndiye pekee anayeila. Silvia akanigeukia. "Na mgeni je?" aliuliza. Nikasema, polepole, ili asikie kila mtu, kwamba mwenye nyumba akitaka kumheshimu mtu kuliko nafsi yake, humpa yeye, na kwetu hilo likifanyika hakuna haja ya kusema zaidi.

Carol aliangalia kitambaa cha meza. Dale aliweka uma chini. Renzo alimtazama binti yake, na naapa kwamba kwa muda mfupi uso wake ulikosa kitu cha kufanya, ukawa uso wa mzee tu. Akaichoma imondo kwa uma. Akainyoosha kuvuka meza, mchuzi ukidondoka. Silvia aliinua sahani yake kwa mikono miwili. Aliinua juu kuliko ilivyohitajika, kama watoto wanavyofanya, na macho yalikuwa yameshajaa. Uma ulikuwa umefika kwenye ukingo wa sahani pale Renzo alipouvuta ghafla, akaitia imondo mdomoni mwake, akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Wote huingia kwenye chenga," alisema, kinywa kimejaa. "Miaka yote. Wote huingia."

Carol alicheka kidogo, kwa mazoea, akakatisha. Silvia alibaki ameishika sahani hewani. Sijui alibaki hivyo muda gani. Ninachokumbuka ni sauti ya kutafuna, maana firigisi haitafuniki haraka, na kidevu cha Renzo kikilowa mchuzi, na macho yake yakizunguka meza kutafuta nani anapiga makofi. Kisha Silvia akaishusha. Akaniambia, "Asante kwa chakula, Kageha," akainuka akachukua koti. Dale ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi, nilikwenda nikampangusa mzee mdomo, naye akaniuliza kama niliuona uso wa msichana. Nilimwambia niliuona. Nikaenda kwenye choo cha Carol nikatapika kweli, si kwa kusema.

Nilipompigia Mercy kumweleza, alisema labda mzee aliogopa, labda aliona machozi yanakuja akakimbilia kitu anachokijua. Nimelifikiri hilo miaka hii yote. Nimewauguza watu waoga, nimewaona wakitetemeka na bado wakanyoosha mkono. Aliogopa, sawa. Lakini alifurahi pia, na furaha ile niliiona kwa macho yangu, na sitamtolea udhuru wa kuifunika. Wiki hiyo hiyo niliiomba ejensi inihamishe. Walinipeleka kwa bibi mmoja asiyeweza kusema kitu, na nilikaa naye kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Lakini Roseville sikuiacha nyuma yote. Nilipoanza kuposwa, kijana wa kwanza alikuwa hodari wa maneno na gari, Mercy akampenda kuliko nilivyompenda mimi. Siku moja mkahawani alinyoosha kipande cha nyama kunipa, akakirudisha akicheka. Nililipa sahani yangu nikaondoka, na hadi leo hajui kwa nini.

Kwa hiyo Carol aliponiuliza kuhusu kuku, ningeweza kukataa. Nilikubali kupika siku ya mazishi nilipoambiwa kwamba Silvia amefika.

Mazishi yalikuwa na watu wachache. Kwenye ukumbi wa kanisa waliweka ile video kwenye skrini kubwa, na Renzo alipoukalia mpira watu wakacheka na kupiga makofi, hata mchungaji. Mimi nilimtazama yule wa katikati. Halafu tukaenda nyumbani kwa Carol, tukakaa kwenye meza ile ile. Nilikuwa nimechoma mapaja ya kuku kwa ajili ya watu, na pembeni nimepika kuku mmoja mzima kwa mchuzi. Carol alikuwa amezeeka, na alikula bila kuzungumza, kama mtu ambaye hatimaye anasikia ladha. Kile kiti cha umeme kilikuwa kimesimama ngazini, bila mtu, kimefunikwa kwa koti la mgeni mmoja. Silvia alikuwa na mvi nyingi na hakuzipaka kitu. Dale aliketi mkabala naye, na fimbo yake, amepinda, masikio bado makubwa.

Nilichukua imondo kwa kijiko, nikazunguka meza mbele ya wote, nikaiweka kwenye sahani ya Silvia. Aliijua mara moja. Aliitazama mpaka nikadhani nimekosea, kwamba nimemfungulia kidonda siku ya kuzika. Kisha akachukua kisu. Kwetu imondo haikatwi. Ni ya mtu mmoja, nzima, na kama ningekuwa kwa mama yangu ningemshika mkono. Nilirudisha kijiko kwenye bakuli. Akaikata katikati, ikamsumbua maana ni ngumu, akachoma nusu kwa uma na kuinyoosha kuvuka meza kwa Dale.

Dale hakuinua sahani. Aliutazama ule uma, akatutazama sisi, na mikono yake ikabaki mapajani, kama mtu anayejua mchezo huu unavyoishia. Silvia hakuuondoa uma. Mkono ulianza kumchoka, akaegemeza kiwiko mezani, akangoja. Mwishowe mzee akaisukuma sahani yake mbele kidogo, na Silvia akaiweka pale.

Aliitafuna muda mrefu, yule mzee.

"Ni ngumu kidogo," alisema.

"Ndiyo," alisema Silvia, akaanza kula nusu yake.